Behewa la Dada, Injini ya Babu



Vitu vya kuchezea vina maisha mafupi. Gari la moshi la plastiki likinunuliwa kwa Idi, aghalabu injini yake hufa kabla ya mwezi kwisha: ekseli imepinda, waya umekatika, ama mtoto amelitia katika karai la maji atazame kama litaelea. Mabehewa husalia. Behewa halina mota wala waya, halina cha kuharibika, na kwa sababu hiyo katika nyumba nyingi za mwambao wetu, chini ya kitanda ama juu ya kabati, mna sanduku la mabehewa mazima yasiyo na wa kuyavuta.

Juu ya behewa la namna hiyo nimeandikiwa na mama mmoja wa Likoni, kwa hati safi na hasira isiyofichika. Mwanawe wa kiume, wa miaka 13, alilichukua behewa la nduguye wa kike wa miaka 6, akalikata paa kwa msumeno. Gari lenyewe lililetwa na baba yao kutoka Maskati, anakofanya kazi. Binti alilia siku mbili. Kijana alipoulizwa, akajibu kwamba anataka kuligeuza behewa liwe injini, na kwamba injini hiyo ni ya babu. Mama auliza: amzuie ama amwache? Nyumba imejaa vumbi la plastiki, naye hajui kama huo ni ufundi ama ni uharibifu.

Nilimjibu kwa swali: babu huyo alikuwa na kazi gani? Barua ya pili ikaja na maelezo. Babu ni baba wa mumewe. Alikuwa mtu wa reli tangu ujana wake. Alianza kwa kuosha injini, akawa fayamani, yaani mwenye kuangalia moto, akaishia kuwa dereva. Miaka 3 sasa presha ya macho imemwondolea nuru yote. Maradhi hayo yakishaula mshipa wa jicho, hakuna dawa ya kukirudisha kilichokwenda. Tangu hapo mzee amekuwa mtu wa barazani, haneni ila salamu. Mwenye kumfanya anene ni mjukuu wake, na wakikaa pamoja mazungumzo yao ni injini tu.

Basi nikafahamu kuwa lile behewa lilikatwa ili lifike katika mikono ya mtu asiyeona. Hilo ndilo lililonipeleka jioni mbili katika kibanda cha fundi mmoja wa redio wa Mji wa Kale, nikauliza maswali aliyoyaona ya ajabu kutoka kwa mtu wa umri wangu na kilemba changu. Jibu langu kwa mama ni kwamba asimzuie. Lakini kijana ana deni la kulipa kwanza, kisha ana kazi ngumu kuliko aidhaniavyo.

Deni ni la dada yake. Mali ya mtoto mdogo ni mali yake. Umri wa miaka 6 haumpi kaka ruhusa ya kuigeuza apendavyo, hata kwa nia njema. Wala si haki mama amlipie kwa kumnunulia binti gari jingine, kwani hapo atakuwa amelipa asiyekosa. Kijana amwombe radhi nduguye, kisha amfanye mbia. Na katika ubia huo mna jambo moja zuri ambalo historia ya reli yetu yenyewe imetupa. Injini kubwa za mvuke zilizovuta mizigo kutoka Mombasa kupanda Nairobi, zile za daraja la 59, zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja yao, namba 5918, iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Nyingine iliitwa Mount Shengena, kwa mlima wa Upare. Binti na apewe haki ya kuchagua jina la mlima utakaoandikwa ubavuni mwa injini ya behewa lake, na asiingiliwe. Nasikia shauri hilo limekubaliwa. Amechagua Shimba, kwa kuwa ndicho kilima alichokiona kwa macho yake walipokwenda Kwale. Babu ameteta kwamba Shimba ni vilima, si mlima, na hadi niandikapo hawajapatana.

Sasa kazi yenyewe.

Kijana alitaka kutengeneza injini ya daraja la 59 hasa, kwa kuwa ndiyo aliyoiendesha babu. Hapa nilishika kalamu nikapiga hesabu. Reli ya kale, ile iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, yaani milimita 1,000. Reli ya gari lile la kuchezea, mama alipoipima kwa rula ya shule, ilikuwa milimita 45. Upana huo si mgeni kwa wenye kucheza na magari haya. Kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, ilitoa mwaka 1968 magari makubwa ya kuchezea, hata bustanini, ya upana huohuo wa milimita 45, na uwiano wake ni moja kwa 22.5, kwa sababu walikusudia kuigiza reli za mita moja za milimani kwao. Kwa hivyo, pasipo mtu kukusudia, gari la plastiki la Likoni lafuata kipimo cha reli ya Mombasa kuliko magari mengi ya ghali ya kuchezea ya Ulaya. Kila sentimita moja ya behewa ni sentimita 22 na nusu za kweli. Mtu wa sentimita 170 atakuwa na urefu wa sentimita 7 na nusu; mlango wa dereva, ukiwa wa sentimita 180, utakuwa wa sentimita 8.

Injini ya daraja la 59 ilikuwa na urefu wa takriban mita 32. Gawanya kwa 22.5: ni zaidi ya sentimita 140. Mtoto hawezi kuibeba, babu hawezi kuipakata. Na umbo lake nalo si la mchezo. Injini hizo ni za mtindo uitwao Garratt, kwa jina la mhandisi Mwingereza aliyeubuni, na ya kwanza ilitengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1909 kwa reli ya Tasmania. Hiyo ni kama injini mbili zilizopeana mgongo, na baina yao limening'inizwa pipa kubwa la kuchemshia maji, ili uzito utawanyike juu ya magurudumu mengi na mashine nzima iweze kupinda kwenye kona. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotutengenezea zetu 34, mnamo 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 na ushei. Zilichoma mafuta mazito, si makaa, na zilipanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, katika safari ya kilomita 530. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyozishinda nguvu duniani. Kuigiza kitu hicho kwa behewa la sentimita 22 ni kumtia tembo katika kanzu ya mtoto.

Mzee mwenyewe ndiye aliyelitatua hilo. Alisema kabla hawajampa njia kuu alijifunza katika injini ndogo ya tangi, ya kupangia mabehewa Kilindini. Injini ya tangi haivuti gari la maji nyuma yake. Maji hukaa katika masanduku mawili ubavuni mwa pipa, kulia na kushoto, na mafuta ama makaa hukaa mgongoni nyuma ya dereva. Ni mashine fupi, nene, yenye umbo la sanduku. Na behewa ni sanduku. Ikiwa imefupishwa kidogo kuliko asili, haina aibu, maana hata viwanda vikubwa vya magari haya hufupisha. La msingi ni mpangilio wa viungo uwe wa kweli: dohani mbele, kuba la mvuke katikati ya mgongo, matangi ubavuni, chumba cha dereva, na sanduku la mafuta nyuma. Mkono wa babu utatembea kwa taratibu hiyo, na ukikuta kiungo si mahali pake utajua.

Fundi wa redio alianza na kitako cha behewa, nami naona ndiyo njia. Vijana hupenda kuanza na dohani na rangi. Kisha mwili ukiwa umekamilika wagundua kuwa mota haina pa kukaa. Kwanza tazama magurudumu. Katika mabehewa mengi ya kuchezea kila gurudumu huzunguka peke yake juu ya ekseli iliyotulia. Behewa halidhuriki kwa hilo, lakini injini haiwezi kwenda hivyo: lazima gurudumu na ekseli viwe kitu kimoja, ili ekseli ikizungushwa magurudumu yote mawili yaende. Ekseli ikwaruzwe kwa msasa, itiwe gundi kali, iachwe usiku mzima.

Kisha mota. Ile ndogo ya volti 3, inayopatikana katika magari mabovu na feni za mkononi, yafaa. Lakini ina haraka isiyo na kiasi. Tuseme yazunguka mara 9,000 kwa dakika. Gurudumu la behewa hili lina kipenyo cha milimita 30, na mzingo wake ni takriban milimita 94. Ukiifunga mota moja kwa moja kwenye ekseli, na lau ingeweza kuhimili mzigo huo, injini ingekwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa sakafuni. Ukizidisha kwa 22.5 upate mwendo wa injini ya kweli, ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa saa, kasi ambayo hata ndege za abiria haziifikii. Ukweli ni kwamba haitakwenda kabisa: mota itanguruma, itapata moto, na nguvu hakuna.

Dawa yake ni gia ya parafujo. Hiyo ni gia yenye umbo la parafujo, huvikwa kwenye mti wa mota, na meno yake hulishika gurudumu la gia lililo kwenye ekseli. Kila mota ikizunguka mara moja, jino moja tu husogea. Gurudumu la gia likiwa na meno 30, mota huzunguka mara 30 ili ekseli izunguke mara moja. Mara 9,000 huwa 300, na mwendo hushuka hadi chini ya kilomita 2 kwa saa, ambao kwa kipimo chetu ni kama kilomita 38 kwa saa za kweli. Kwa injini ya kupangia mabehewa bado ni mbio. Kijana akitumia betri moja ya volti moja na nusu badala ya mbili, mwendo hupungua kama kwa nusu, na hapo ndipo injini huanza kutembea kama mashine nzito. Kasi inayopotea, gia huigeuza kuwa nguvu ya kuvuta. Mama akitaka mtoto aone faida ya hesabu za kuzidisha na kugawanya, asihangaike kutafuta mfano mwingine.

Mota yaendesha ekseli moja. Ya pili yavutwa na fimbo za ubavuni, zile fimbo ndefu za chuma zinazopanda na kushuka, ambazo kila mtoto akichora gari la moshi huzichora hata kama hajui kazi yake. Fimbo yaweza kukatwa kutoka kwa ubapa wa alumini. Tundu la huku na tundu la kule yawe na umbali uleule ulio baina ya ekseli na ekseli. Yakitofautiana hata nusu ya milimita, magurudumu yatakaza. Fundi alinionyesha hila yake: hazipimi fimbo mbili mbali mbali, huzibana pamoja katika jiriwa akazitoboa kwa mpigo mmoja. Alipokuwa akifanya hivyo nilimkumbuka Frank Hornby, karani wa Liverpool, aliyewakatia wanawe vipande vya bati na kuvitoboa matundu yenye nafasi sawasawa ili kila kipande kikubaliane na kingine. Alipata hataza yake mwaka 1901, vikaitwa baadaye Meccano, na mwaka 1920 magari ya moshi yenye jina lake yakaanza kuuzwa. Mali yote ile ilitoka katika usawa wa matundu.

Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo mama aliniandikia katika barua ya tatu, fupi kuliko zote. Kijana alizifunga fimbo, akazisukuma kwa kidole, zikaenda. Akafurahi. Akampelekea babu barazani kitako kitupu, hakina hata mwili. Mzee alikiweka pajani, akashika gurudumu la kulia kwa kidole gumba, kisha akatafuta la kushoto. Akazungusha taratibu. Akasema, "Pini zimelala pamoja. Hii itasimama njiani."

Kijana alikuwa ametia macho yake yote katika kazi ile wiki mbili, wala hakuliona.

Maana yake ni hii. Injini ya mvuke ina silinda kila upande. Pistoni ikifika ukingoni mwa njia yake, kwa nukta moja haina nguvu ya kuzungusha gurudumu, kama vile mwendesha baiskeli ambaye pedali moja iko juu kabisa na nyingine chini kabisa. Kwa hivyo wahandisi huiweka pini ya upande mmoja mbele ya pini ya upande wa pili kwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90. Upande mmoja ukiwa hauna nguvu, wa pili uko katika kilele cha nguvu zake. Katika injini ya kuchezea silinda hazifanyi kazi, lakini kanuni yabaki: pini za pande mbili zikilingana, itafika nukta ambapo fimbo zote mbili zimenyooka, nayo ekseli ya pili haijui izunguke mbele ama nyuma. Hukwama. Kijana alilazimika kuyang'oa magurudumu ya upande mmoja na kuyafunga upya, akiwa na kipande cha kadi kilichokatwa pembe mraba, na babu akithibitisha kwa vidole. Mama asema walikaa hapo tangu alasiri hadi isha, na kwamba mzee alimweleza mjukuu namna injini ya kweli ilivyokuwa ikisimama vibaya wakati mwingine, na namna ya kuiondoa. Hakuyaeleza zaidi ya hayo, nami sikumwuliza.

Tangu barua hiyo shauri langu juu ya mwili wa injini lilibadilika. Nilikuwa nimeandika sana kuhusu rangi, ule wekundu wa kahawia uliopakwa injini za Afrika Mashariki. Rangi ipakwe, maana binti ataitazama. Lakini kazi kubwa iwe katika yale yanayoguswa.

Pipa la mvuke ni kipande cha bomba la maji la plastiki. Bomba la milimita 50 ni sawa na pipa la zaidi ya mita moja, na kwa injini ndogo latosha. Likatwe kwa msumeno wa chuma, lisafishwe kwa tupa. Lisichomwe juu ya jiko ili lilainike, kama wafanyavyo vijana wengi, kwani moshi wa bomba hilo ni sumu ya kifua. Matangi ya ubavuni hutoka katika ubavu wa behewa lenyewe. Ndiyo sababu kijana alikata paa tu akaacha kuta, na hapo alikuwa na akili kuliko nilivyomdhania. Kuba la mvuke nimeliona zuri sana likifanywa kwa ile tufe ya plastiki iliyomo katika chupa za manukato ya kupaka kwapani: ikatwe nusu, igandishwe. Dohani yaweza kuwa kigurudumu cha uzi cha mti, kilichochongwa kiuno.

Ribiti zile, vichwa vidogo vya chuma vilivyopangwa mistari kwenye matangi, ndizo zitakazomwambia babu kuwa hii si plastiki ya dukani. Chukua bati jembamba la kopo la soda, liweke juu ya kadi laini, chora mstari nyuma yake kwa penseli, kisha bonyeza kwa msumari uliofutwa ncha, nukta kwa nukta, nafasi sawa. Ukigeuza, utakuta vipele vimejipanga. Kingo za bati hilo hukata kama wembe. Zikunjwe na zipigwe msasa kabla ya bati kugandishwa ubavuni, maana mwenye kuzigusa hataziona.

Mikono ya kushikia, ile miti myembamba inayopita ubavuni mwa pipa na kando ya mlango, hufanywa kwa waya wa shaba. Waya wahitaji vishikizo. Hapa nawaomba akina mama msamaha mapema: pini za ushungi, zile zenye kichwa cha duara, zafaa kuliko kitu chochote nilichoonyeshwa. Zikikosekana kwenye meza ya kioo, mtajua ziliko. Ngazi za kupandia dereva zisisahauliwe. Mtu aliyepanda ngazi hizo maisha yake yote, mara nyingi gizani, miguu yake yazijua kuliko macho yalivyowahi kuzijua.

Uzito nao ni jambo. Injini nyepesi huzungusha magurudumu palepale, kwani nguvu ya kuvuta yatokana na uzito uliokalia magurudumu yanayoendeshwa, na hata chuma juu ya chuma hakipati zaidi ya takriban robo ya uzito huo. Kwa watu wa pwani, wazo la kwanza ni chubwi za wavuvi. Nawasihi msizitie. Chubwi ni risasi, na risasi katika nyumba yenye watoto huingia mwilini kwa vidole na kinywa, na hudhuru ubongo unaokua. Nati na washa za chuma zilizojazwa ndani ya bomba hufanya kazi ileile. Kwa sababu hiyohiyo, nyaya zikilehemiwa kijana asiwe peke yake, dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula, kwa kuwa lehemu nyingi zina risasi ndani.

Betri ziwe zile za kawaida za mviringo, za kidole, katika kisanduku chenye mfuniko wa parafujo. Msitumie betri za simu mbovu. Zikibonyea ama zikigusana nyaya huwaka moto. Na msitumie kabisa zile bapa mfano wa kifungo. Mtoto mdogo akiimeza moja ikakwama kooni, huunguza nyama ndani ya saa mbili, hata kama haionekani dalili ila mate na kikohozi. Anayeshuku jambo hilo ampeleke mtoto hospitali saa ileile, asingoje asubuhi. Nimeliandika hili hapa kwa kuwa betri hizo zimo pia katika rimoti, saa na taa za mapambo, si katika magari ya kuchezea tu.

Injini ya Likoni, kwa habari za mwisho, imeshapata pipa, matangi na mikono ya kushikia upande mmoja. Yavuta mabehewa mawili yaliyosalia ya binti, taratibu, kutoka mlango wa chumba hadi miguuni mwa babu. Haina jina bado, kwa sababu mnayoijua.

Kwa wengine watakaojaribu, nina nyongeza moja ya pwani yetu. Hewa yetu ina chumvi. Ekseli zipakwe mafuta ya cherehani tone moja kila baada ya wiki chache, na injini ikiwekwa kabatini betri zitolewe kwanza, la sivyo zitavuja, na zile bati za shaba zinazozishika zitageuka kijani mara moja.

Wassalamu alaykum.